Ndege wa Kufungulia Wodi

Wanaosema nchi yetu imechelewa kimaendeleo hawajawahi kutazama tepe zetu. Hapa Utepeni, kama majirani wanavyotuita kwa wivu wao, kila kitu kipya hufungwa utepe mwekundu, na utepe huo haukatwi na mtu yeyote ila Waziri wa Uzinduzi, kwa makasi yaliyopakwa rangi ya dhahabu. Kisima kipya kina utepe. Choo cha stendi kina utepe. Hata taa za kuongozea magari kule makao makuu zimefungwa utepe, ndiyo maana magari yanagongana kwa adabu kubwa, kila dereva akielewa kwamba taa zile bado hazipo.

Sheria yetu ni fupi: kitu kisichozinduliwa hakipo. Daraja la Mto Chamtumba lilipokamilika, wananchi waliendelea kuvuka mto kwa miguu chini yake, nguo zao kichwani, huku wakilisifia kwamba lina kivuli kizuri. Mbuzi wa Mzee Singano ndio waliojisahau wakapita juu. Walikamatwa, wakalala mahabusu, na kesho yake hakimu akawaachia kwa sababu mtu hawezi kushtakiwa kwa kuvuka daraja ambalo halipo, sembuse mbuzi.

Mimi ni mtumishi wa utaratibu huo na sioni haya kusema hivyo. Cheo changu ni Mbeba Mto wa Makasi wa Wilaya. Wapo wanaoniuliza kama hiyo ni kazi ya mtu mzima mwenye mvi, nami huwa nawasamehe, maana hawajui wasemalo. Mto wenyewe ni wa mahameli, makasi ni mazito, na unatakiwa kusimama wima juani mpaka hotuba iishe, bila kujikuna. Vijana wawili walijaribu kunishikia nafasi nilipougua. Mmoja alizirai na mwingine alicheka.

Mke wangu, mama Tunu, hauoni utukufu huo. Kwake yeye mto ni wa kulalia.

Basi mwaka ule pale kwetu Mikorosheni ilijengwa wodi ya wazazi. Kabla ya hapo akina mama walijifungulia kwenye stoo ya zahanati, katikati ya maboksi ya vyandarua, na mwenye uzazi mgumu alipakiwa kwenye gari lolote lililopita, kupelekwa hospitali ya mkoa. Binti yetu Tunu alizaliwa hivyo, juu ya magunia ya mkaa, ndani ya pikapu iliyokuwa ikipanda mlima. Mama yake alivuja damu nyingi mno. Daktari alimwambia asijaribu tena, naye hakujaribu, ndiyo maana tuna mtoto mmoja tu, tena tunampenda kupita kiasi.

Sasa Tunu mwenyewe alikuwa mjamzito. Mumewe ni dereva wa malori ya masafa, haonekani nyumbani, kwa hiyo mimba ile ilikuwa mikononi mwetu. Mama Tunu alikuwa akienda kuwatazama mafundi kila asubuhi, akiwapelekea uji ili wasipate kisingizio. Siku wodi ilipokamilika aliingia kabla utepe haujafungwa, akabonyeza magodoro, akafungua bomba, akawasha na kuzima taa. Alirudi nyumbani akaniambia, "Baba Tunu, mwanangu hatazalia kwenye mkaa." Kisha mafundi wakafunga utepe mlangoni, na wodi ikaacha kuwepo.

* * *

Siku ya uzinduzi Mikorosheni ilipendeza. Ili msafara wa Mheshimiwa Waziri upate maegesho, mikorosho yote ya uwanja wa zahanati ilikuwa imekatwa, na visiki vikapakwa chokaa. Jiwe la msingi lilikuwa la marumaru, limeandikwa kwa Kiingereza. Wahusika walinieleza kwamba Kiswahili kikichongwa kwenye marumaru huonekana kama tangazo la duka.

Waziri wa Uzinduzi, Mheshimiwa Magwaya, ni mtu wa sauti nene na shingo iliyozoea mashada ya maua. Alipanda jukwaani, mimi nikiwa nimesimama kando na mto wangu, akaanza.

"Ndugu zangu wa Mikorosheni, wengine huja kwenu kuzindua. Kuzindua kila mtu anaweza. Hata mwenyekiti wa kijiji anaweza kuzindua. Mimi leo nimekuja kuinogureti."

Makofi yakapigwa mpaka vumbi likatimka.

"Mnaijua tofauti yake?"

"Hatuijui," wananchi wakajibu kwa furaha.

Niliona koo la Mheshimiwa likipanda na kushuka. Nimesimama karibu na koo lile miaka mingi, nalifahamu. Yeye pia alikuwa haijui. Lakini kiongozi hakosi njia. Aligeukia meza kuu akasema, "Nisiwachoshe. Tunaye hapa mtoto wenu, Profesa Lwiza, aliyekwenda Ulaya kusomea maneno. Yeye atawaeleza, kisha mimi nitasahihisha."

Profesa Lwiza tulimlea sisi wenyewe. Alikuwa mtoto mpole asiyejua mpira, akaenda Ulaya, akarudi na miwani na tabia ya kusema "kwa asili yake" kabla ya kila jambo, hata chumvi. Alisimama, akafuta miwani.

"Neno 'inaugurate', Mheshimiwa, kwa asili yake si la Kiingereza. Kiingereza kimelirithi kutoka kwa Warumi wa kale. Mrumi alikuwa haanzi jambo kubwa, awe anamtawaza mfalme au anafungua hekalu, mpaka kuhani atazame angani aone ndege wanavyoruka. Kuhani huyo aliitwa 'augur', na ndimo neno lilimotoka. Alishika fimbo yenye kota, yaani iliyopinda mwishoni, akaigawa mbingu pande mbili kwa fimbo ile, akangoja. Ndege wakipita upande wa heri, shughuli inaendelea. Wakipita upande wa shari, watu wanarudi makwao. Hata hivyo, wapo wataalamu wasemao kwamba neno hili..."

Hapo wananchi waliona amemaliza, wakapiga makofi. Bendi ya magereza nayo ikaona makofi, ikapiga wimbo. Profesa alibaki na mdomo wazi kidogo, kisha akaketi, maana alilelewa vizuri.

Mheshimiwa hakupiga makofi. Alisubiri bendi inyamaze.

"Profesa. Unataka kuniambia ndege ni lazima?"

"Kwa asili ya neno, Mheshimiwa, ndege ndiyo shughuli yenyewe. Utepe umeongezwa baadaye."

"Na mimi mambo niliyoyafungua bila ndege ni mangapi?"

Mheshimiwa alianza kujikumbusha mwenyewe kwa sauti, kipaza sauti kikiwa wazi. Soko la Majumba Sita ambalo paa lake liliondoka na upepo likaangukia wilaya ya jirani. Shule iliyopasuka ukutani mpaka wanafunzi wa darasa la nne wakawa wanasikiliza masomo ya la tano. Bwawa linalohifadhi kila kitu isipokuwa maji. Alivyozidi kuyataja ndivyo uso wake ulivyozidi kung'aa.

"Kumbe haikuwa saruji," alisema polepole. "Ndugu wananchi, mmesikia kwa masikio yenu. Watu walisema saruji ilipunguzwa. Wakasema nondo zilipotea. Tukaunda tume. Kumbe ni ndege. Natamka rasmi kwamba tume ile imevunjwa kuanzia sasa."

Kwenye hema la wageni maalumu makandarasi walikumbatiana. Mmoja wao alilia, akasema siku zote moyoni mwake alihisi kuna jambo na ndege.

Kisha Mheshimiwa akatangaza kwamba hawezi kuwatendea watu wa Mikorosheni uzinduzi wa kienyeji. Tulistahili ndege. Sote tukaangalia juu, viongozi kwa wananchi, na bendi, na watoto. Hapakuwa na hata mmoja. Zamani uwanja ule ulijaa chiriku na tetere asubuhi hadi jioni, lakini walikuwa wakikaa kwenye mikorosho.

Shughuli ikaahirishwa. Makasi hayakuguswa, nikayaondoa jukwaani yakiwa juu ya mto wake, nikaenda nyumbani nikijivunia kwamba wilaya yetu imeishi siku ya kihistoria. Mama Tunu alinipokea mlangoni, mikono kiunoni.

"Imefunguliwa?"

"Imeahirishwa kwa sababu za asili ya neno."

"Baba Tunu, chakula chako nacho kimeahirishwa."

* * *

Serikali yetu ikiamua jambo haichezi. Mvua za vuli hazijaisha ikaundwa Idara ya Ndege wa Serikali. Profesa Lwiza akateuliwa Mtazama Mbingu Mkuu. Nami, kwa utumishi wangu mrefu wa kusimama bila kujikuna, nikateuliwa Msaidizi wake hapa wilayani, nikakabidhiwa fimbo ya mpingo yenye kota mwishoni, bila kunyang'anywa mto. Nilikuwa mtu pekee nchini mwenye vyeo viwili na mikono miwili tu.

Kanuni zikatoka. Ndege awe mkazi wa eneo husika. Awe mwenye tabia njema. Atoke kushoto aende kulia. Hiyo kushoto ilizua mjadala mzito, kwa kuwa Mheshimiwa jukwaani huwatazama wananchi, na wananchi humtazama yeye, hivyo kushoto kwake ni kulia kwao. Baadhi ya watu walidai wananchi ndio wengi. Wakaelimishwa, na ikapitishwa kwamba nchi ina kushoto moja, nayo ni ya Mheshimiwa.

Tukafanya uzinduzi wa pili. Msafara uliingia kwa ving'ora, bendi ikapiga, mizinga ya heshima ikalipuliwa, kisha tukaombwa tukae kimya ili ndege wajisikie huru. Alikuja kunguru mmoja. Alitua juu ya jiwe la marumaru, akatazama kushoto, akatazama kulia, akafanya haja yake juu ya jina la Mheshimiwa, akaondoka. Tulikubaliana kwamba hakuwa na tabia njema.

Baadaye lilipita kundi la yangeyange likifuata ng'ombe, jeupe, zuri, lenye nidhamu. Nikanyoosha fimbo. Profesa akavua miwani, akaivaa, akainamisha kichwa. Walikuwa wametoka kulia.

"Hawa watakuwa ni wa upinzani," Mkuu wa Wilaya alinong'ona.

Tukaahirisha tena. Usinione mjinga, ndugu msomaji. Nilikuwa nikiliona tumbo la Tunu likikua, na usiku nililala nikilisikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua juu ya paa bovu. Lakini mtu aliyebeba mto wa serikali maisha yake yote huanza kuamini kwamba mambo yote, hata ya tumbo, yana ratiba yake na mwenye kuipanga yupo. Nilimwambia hivyo mama Tunu tukiwa jikoni, Tunu akichambua mchele miguu imevimba ndani ya beseni la maji.

"Utaratibu," mama Tunu alisema. "Mtoto naye anajua utaratibu wenu?"

"Subira, mama Tunu."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lenyewe ni hili hapa." Aligeuza mwiko. "Mnajifanya mmegundua kitu. Bibi yangu mzaa mama alijua ndege njema na ndege mbaya kabla ya huyo Profesa kuzaliwa. Akitoka kwenda safari akasikia ndege mbaya, alirudi ndani, akanywa maji, akakaa kidogo, akaondoka zake. Hakuwahi kumwambia mwanamke asizae mpaka kwanza aulizwe tetere."

Tunu alicheka mpaka beseni likamwagika. "Baba, huko juu ukimwona ndege wangu unisalimie. Mwambie asipite karibu na Mkuu wa Wilaya."

Nilicheka naye. Halafu nikatoka nje, kwa sababu macho yalinisumbua, na sikutaka waone.

* * *

Ufumbuzi ukaletwa na Profesa mwenyewe. Aliarifu Wizara kwamba Warumi walipokuwa na haraka, kwa mfano vitani, hawakungoja ndege wa angani. Walibeba kuku kwenye matundu. Kuku wakimwagiwa punje wakala kwa pupa, heri imepatikana. Wakikataa kula, ni balaa.

Mheshimiwa alifurahi sana. Ndege wa angani hawaambiliki, alisema, ila kuku ni mtu anayeelekezeka.

Kuku wa Taifa waliletwa Mikorosheni kwa gari lenye kiyoyozi, weupe watupu, wanono. Kwa kuwa hawakuweza kulala popote tu, walipewa stoo ya zahanati. Maboksi yalitolewa, maranda ya mbao yakamwagwa sakafuni, na taa ya kuwapa joto ikafungwa. Kitanda cha kuzalia kiliwekwa nje chini ya mchirizi wa paa. Nesi Felisiana, mkunga wetu, mwanamke mfupi asiyepandisha sauti, aliuliza wajawazito waende wapi wakati huo. Akajibiwa kwamba wodi mpya iko pale pale mbele yake, avute subira kidogo.

Siku ya shughuli kila kiongozi alitaka kuku wasiaibishe wilaya. Asubuhi Mkuu wa Wilaya alipita stoo akawapa pilau. Baada yake akapita ofisa itifaki na keki. Akaja mwenyekiti wa halmashauri na mahindi ya kuchemsha, na mkandarasi mmoja, kwa moyo wa shukrani, akawaletea sambusa. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

Wajawazito wa Mikorosheni walikuwa wameketishwa safu ya mbele juani, wamevaa sare ya kanga zenye picha ya Mheshimiwa, kwa kuwa ndio wanufaika. Tunu alikuwa katikati yao, picha ya Mheshimiwa ikiwa imetanuka mashavu juu ya tumbo lake. Mama yake alikaa nyuma yake akimpepea. Saa nzima Tunu hakufanya mzaha wowote, na hilo lilinitia wasiwasi kuliko kitu kingine.

Hotuba ikasomwa. Matundu yakafunguliwa. Mheshimiwa kwa mkono wake mwenyewe akamwaga mtama kwenye sinia la fedha.

Kuku wakautazama mtama. Mmoja aliusogeza kwa ukucha. Mwingine alijikongoja hatua chache, akacheua, akaketi. Wa tatu aliingiza kichwa chini ya bawa akalala. Katika nchi hii sijawahi kuona viumbe walioshiba namna ile wakiwa mbele ya watu wengi vile. Nikausikia utepe ukipepea mlangoni.

Ndipo Tunu aliposhika mkono wa mama yake na kusema, si kwa sauti kubwa, "Mama, maji."

Ofisa itifaki akampa chupa ya maji. Mama Tunu hata hakumtazama. Alikuwa ameshaona kanga ya mwanawe ikilowa, na Nesi Felisiana alishafika, amepiga magoti, kiganja chake juu ya tumbo.

"Mheshimiwa," nesi alisema, "huyu anajifungua. Na mtoto hakukaa vizuri."

"Mwambie asubiri kidogo," Mheshimiwa alijibu kwa upole. "Kuku hawajala."

"Amesubiri miezi tisa, Mheshimiwa. Yeye amemaliza."

"Basi apelekwe stoo."

"Stoo ni ya kuku."

"Apelekwe mkoani."

Nesi Felisiana alielekeza barabarani kwa kidevu. Msafara ulikuwa umeegeshwa kutoka zahanati mpaka mtoni, gari nyuma ya gari, na madereva wote walikuwa wamekwenda kula. Mwishoni mwa msafara lilionekana daraja, na utepe wake.

Nitasema ukweli, niliogopa. Nilikuwa nimesimama kando ya mlango wa wodi, mto mkono mmoja, fimbo mkono mwingine. Nyuma yangu kulikuwa na vitanda, maji na taa, na kati yetu na vitu hivyo palikuwa na kipande cha kitambaa ambacho mtoto angekipuliza kikatikisika. Mama Tunu alikuwa amemwinua binti yetu, wanakuja polepole, naye alikuwa akinitazama mimi tu. Nikaukumbuka mkono wake siku ile ndani ya pikapu, mweusi kwa mkaa, umenishika shati, na jinsi ulivyolegea kidogo kidogo mlima ulipokuwa haujaisha. Shati lile ninalo mpaka leo, doa halikutoka.

Nikaingiza kota ya fimbo ya serikali chini ya utepe, nikauinua juu.

"Haujakatwa," nilitangaza kwa sauti yangu ya jukwaani. "Umeinuliwa."

Tunu akainama akapita. Mama yake akainama akapita. Nesi Felisiana alikuwa mfupi, hakuhitaji kuinama sana. Alipofika kwangu alinyakua yale makasi ya dhahabu juu ya mto.

"Haya nayachemsha," alisema. "Yangu mmeyafungia stoo na kuku." Mlango ukafungwa.

* * *

Mwanasheria wa Wizara alipekua sheria yote hapo hapo jukwaani. Imekatazwa kuukata utepe, alisema. Imekatazwa kuuruka. Kuhusu kupita chini yake sheria haikusema lolote, pengine kwa kuwa walioitunga hawakutazamia kwamba kuna mtu angekubali kuinama.

Hivyo tukangoja. Mheshimiwa hakuwa na makasi, hakuwa na ndege, na hotuba yake ilikuwa imekwisha. Nilikuwa sijawahi kumwona waziri akingoja kitu ambacho hawezi kukiamuru. Aliketi kwenye ngazi ya jukwaa, akavua koti. Baadaye akamuuliza mama mmoja wa safu ya mbele kama kuzaa huwa kunachukua muda mrefu. Yule mama akamjibu inategemea, akampa nafasi kwenye kivuli cha mwavuli wake. Mimi nilibaki mlangoni nimeushikilia utepe juu, maana sikuwa na uhakika kama nikiushusha kitu ndani hakitabadilika. Mkono uliwaka moto. Sikuushusha.

Kisha tukasikia sauti. Ilianza nyembamba, ikajikusanya, ikawa kilio cha mtu aliyekuja na malalamiko yake tayari. Wanawake wa safu ya mbele wakapiga vigelegele, bendi ikavamia wimbo wowote, na mmoja wa Kuku wa Taifa akashtuka usingizini akaruka juu ya vichwa vya viongozi. Kama alitoka kushoto au kulia, sijui. Kazi yangu ilikuwa kutazama, na sikutazama.

Mama Tunu alitoa kichwa dirishani. Uso wake ulikuwa umelowa. "Wa kike," aliniambia. "Wote wawili wazima. Shusha mkono, baba Tunu, wodi haitakimbia."

Nikaushusha. Nililia mbele ya serikali nzima, na mto wa mahameli ukanifaa kwa mara ya kwanza.

Furaha ilipotulia, Mheshimiwa alikunja uso. Jengo halijazinduliwa, alisema, kwa hiyo halipo. Mtoto aliyezaliwa mahali pasipokuwepo ni raia wa wapi? Mkuu wa Wilaya akasogea nyuma. Mwanasheria akafunga kitabu. Hapo Profesa Lwiza akasimama.

"Mheshimiwa, siku ile ya kwanza sikumaliza sentensi yangu."

"Kwa nini hukumaliza?"

"Nilipigiwa makofi." Alifuta miwani. "Nilikuwa nasema kwamba wapo wataalamu wasemao neno hili mzizi wake si ndege hata kidogo. Kwa asili yake, wanasema, linatokana na kukua. Kuongezeka. Yule kuhani kazi yake ilikuwa kuomba jambo lizidi, listawi. Ndege alikuwa wa kutazamia tu. Kilichotakiwa ni ongezeko."

"Ongezeko," Mheshimiwa alirudia. Niliona koo lile likipanda na kushuka, kisha likapata njia. Alivaa koti, akapanda jukwaani, akashika kipaza sauti. "Ndugu wananchi. Asubuhi tulikuwa idadi fulani. Sasa hivi tumezidi mmoja. Natamka kwamba wodi hii imejiinogureti yenyewe, chini ya uongozi wangu."

Makandarasi walitazamana kwa hofu, na mmoja akauliza kwa heshima kama sasa tume ya saruji itafufuliwa. Mheshimiwa akamtoa wasiwasi. Soko la Majumba Sita lilianguka, alieleza, kwa kukosa ongezeko.

* * *

Mjukuu wetu anaitwa Zaida. Wizara ilipendekeza aitwe Inogureti, kwa kumbukumbu, na Tunu akawashukuru sana, akasema jina hilo zuri mno, waliweke akiba kwa ajili ya wajukuu wao.

Kanuni mpya zimeshatoka. Sasa hakuna kinachofunguliwa mpaka mtoto azaliwe ndani yake. Idara ya Ndege imekuwa Idara ya Ongezeko, na maofisa wake hupita majumbani wakiwauliza wajawazito kwa adabu kama wangependa kujifungulia kwenye kituo cha mabasi au ofisi ya ardhi. Tunu ameombwa, atakapojaliwa wa pili, awafikirie watu wa darajani. Amesema atalifikiria wakilijengea kuta.

Nesi Felisiana alikataa kurudisha makasi. Anasema yanakata vizuri na yameshafanya kazi ya maana. Makasi mapya yaliagizwa, yakafika ndani ya sanduku zuri la kioo, lakini sanduku lenyewe limefungwa utepe, na mpaka sasa hayajapatikana makasi ya kuukatia. Mimi bado naitwa kwenye shughuli zote. Nabeba mto mtupu, wima, bila kujikuna.

Kwa hiyo tepe zetu zote zipo pale pale. Ila watu wa Mikorosheni waliona fimbo yangu siku ile, na jambo likishaonekana halifichiki tena. Kina mama walianza kuinama wakapita chini ya utepe wa kisima. Wakafuata wanafunzi, kwenye shule mpya. Darajani siku hizi utawaona watu wazima wenye mizigo wakiinama upande huu, wakivuka, wakiinama upande ule, na kuagana. Mzee Singano ameacha hata kuwafunga mbuzi wake. Mheshimiwa Magwaya alipita juzi na msafara wake, akaona mji mzima umeinama kwenye milango, akafungua dirisha la gari akatupungia mkono. Alisema hajawahi kuona wananchi wenye heshima kama sisi.

Zaida ameanza kutembea. Jana nilimpeleka kwa Nesi Felisiana kuchanjwa, na tulipofika mlangoni mimi niliinama kama kawaida, kiuno kikilalamika. Yeye aliniachia mkono akatangulia, akapita chini ya utepe wima kabisa, bila kuutazama.